Kisigino cha Mama Akinyi

Tangu nirudishe funguo za basi mwezi uliopita nimelala usingizi wa watu wanne, na mke wangu amekwisha kunichoka. Ndiye aliyesema, "Si uwaandikie madereva wapya kitu, baba, kuliko kunihesabia vijiko?" Basi nawaandikia nyinyi mlioachiwa yadi yetu ya Garland, hapa Texas, magari sita na kiyoyozi kimoja kinachofanya kazi. Habari za vyeo sina. Niliingia dereva, nimetoka dereva. Mshahara wangu mnaujua, maana ndio wenu.

Kabla ya basi nilikuwa mtu wa ghala. Mchana nilibeba maboksi, jioni nilikwenda shule ya usiku, darasa lililojaa watu wazima wenye njaa na viatu vya kazini. Nilihitimu nikiwa na miaka arobaini na moja. Cheti changu kiko sebuleni, kimepita televisheni kwa ukubwa, na mgeni asiyekitazama haletewi chai. Somo lililonikaa kichwani ni historia. Mwalimu alitufundisha sura mbili za watu wa kale wa nchi hii, akaugua, akaja mwingine wa hesabu. Kwa sura hizo mbili nimeendesha kazi miaka kumi na tisa.

Siku yangu ya kwanza yadini nilipokewa na Papa Kalonji, mtu wa Lubumbashi, mfupi, kofia haivui hata akinyolewa. Hakunipa mkono. Alinipa rungu.

"Petit," aliniambia, yaani mdogo, "kamata hii. Unapiga pneu moja moja. Ile inalia ngo, iko muzuri. Ile inalia pff, iko inataka kukuua."

Nikapiga matairi yote. Yote yakalia ngo. Nikapanda, nikawasha injini kwa madaha. Papa Kalonji akaja dirishani, akaizima mwenyewe.

"Ulipiga ngapi?"

"Nane, Papa."

"Basi hii iko na kumi."

Yale mawili ya ndani sikuyaona. Moja lilikuwa limelala kama mgonjwa. Akaniambia maneno ambayo ndiyo urithi wangu wote kutoka kwake: "Ukiona kintu haiko bien mbele ya kuwasha moteur, usiwashe. Hata bosi alie. Hata abiria walie. Usiwashe." Papa Kalonji alistaafu kabla yangu, kofia bado kichwani. Lile rungu liko kwangu, na msiniulize, hamlipati.

Safari yetu kubwa, mnajua, ilikuwa ile ya Mesa Verde kule Colorado, kwenye nyumba za kale zilizojengwa ndani ya majabali. Siku ya kwanza tunafika Amarillo, ya pili tunalala Cortez, ya tatu tunapanda kwenye magofu. Abiria wetu karibu wote walikuwa watu wa kwetu: wauguzi wa Kenya kutoka Pearland, Watanzania wa DeSoto, vikundi vya kanisa, vikundi vya msikiti, chama cha akina mama kimoja ambacho kilibeba sufuria ya pilau yenye nafasi yake ya kukaa na mkanda wake.

Hapo ndipo maiki iliponiharibu. Mpe mwanafunzi wa shule ya usiku maiki na barabara ya New Mexico isiyo na kona, uone kama atanyamaza. Niliwaambia abiria kwamba watu wale walikuwa wakipanda ukuta wa jabali kwa vidole vya miguu, na mtoto mgongoni, na debe la maji kichwani. Hilo la vidole lina ukweli, nilisoma. Debe niliongeza mimi. Niliwaambia ukuta mmoja ulijengwa kwa wiki moja na bibi harusi aliyekataa kuingia nyumba isiyokamilika. Akina mama walipiga vigelegele. Na kila mara, tukikaribia lango la hifadhi, nilimalizia hivi: "Mabibi na mabwana, wenyewe walihama zaidi ya miaka mia saba iliyopita, wakaacha kila kitu, hawakurudi tena. Hakuna mwenyewe. Karibuni, jisikieni nyumbani!"

Nilipenda sana jinsi "hakuna mwenyewe" ilivyotoka kwenye spika.

Sasa niseme lile ambalo hata mke wangu alilijua kwa kuchelewa. Katika miaka hiyo yote, mimi niliyehubiri magofu kama niliyazaa, sikuwahi kuyafikia. Unafikaje? Kwa ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye jabali, na chini ya ngazi kuna bonde, na chini ya bonde nadhani kuna Uchina. Mimi nikipanda kiti kubadili balbu, nashuka nimetubu. Kwa hiyo nilibaki na basi. Kundi moja niliwaambia bima hairuhusu dereva kuliacha gari. Jingine niliwaambia goti. Kundi la tatu niliwaambia nimefunga, na nakiri kwamba mwaka ule nilifunga Ramadhani mara tatu. Abiria wakiondoka nilifungua chupa ya chai, nikatazama wanavyopungua kule mbali hadi kuwa sisimizi, nikawaonea huruma.

Ndivyo ilivyokuwa hadi alipopanda Mama Akinyi.

Akinyi ni muuguzi wa Pearland, mtu wa kupanga mambo, anayetembea na faili hata akienda sokoni. Mama yake alikuwa amekuja kumtembelea kutoka upande wa Kisumu, mwenye miaka sabini na nne, mwembamba, mkono wake ukikushika unahisi umeshikwa na koleo. Maisha yake yote alifinyanga nyungu na kuziuza sokoni, ndiko alikopatia Kiswahili, na alikisema kisoko: anakuangalia kwanza, halafu anakutajia bei. Siku ya safari Akinyi aliniambia kwa furaha kwamba wiki mbili mbele ana miadi ya kuapa uraia. Amesubiri miaka mingi. Gauni ameshanunua.

Njiani Mama Akinyi alikaa kiti cha nyuma yangu, akinisikiliza hotuba zangu bila kupepesa.

"Wewe dereva," alisema tulipopita Amarillo, "ni wa Tanzania?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Unaongea polepole halafu hufiki."

Basi zima likacheka, Wakenya kwa nguvu zaidi. Nikajibu kwamba Wakenya wanaongea Kiswahili kama wanafukuzwa na askari. Tukawa marafiki.

Tulipofika kwenye magofu niliwashusha, nikatoa kisingizio cha siku hiyo, nadhani mgongo. Mama Akinyi akafunga leso yake kiunoni, akakunja sketi, akapanda ngazi ile kama anaingia darini kutoa mahindi. Niliona kwa macho yangu, nikageukia upande mwingine kwa aibu.

Saa mbili baadaye walirudi, tukala chapati na ndengu kwenye kivuli cha basi, wakapanda. Nikawa napiga matairi yangu, yote kumi, nikasikia kimya. Nyinyi wa kazi hii mnajua kwamba abiria arobaini hawanyamazi kwa pamoja ila kuna jambo. Nikaingia.

Mama Akinyi alikuwa amevua kiatu kimoja, mguu ameuweka juu ya goti, na alikuwa anasugua kisigino. Anasugua kwa raha, macho nusu amefumba, kama mtu aliyefika nyumbani. Na kitu alichokuwa anasugulia kilikuwa kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kipana kama kiganja cha mtoto, rangi ya kijivu, kina matuta matuta.

"Mama," Akinyi alisema, sauti imekuwa ndogo kama uzi, "umetoa wapi hicho?"

"Huko juu. Kwa ile nyumba. Kimekaa tu chini." Akakigeuza upande wa pili. "Hiki ni kizuri sana. Huko kwako Pearland natafuta kigae mwezi mzima, nyumba yote plastiki. Angalia kisigino changu kimekuwa kama barabara."

Mnacheka. Na mimi nilitaka kucheka, lakini nilimwona Akinyi. Alikuwa amekaa chini kwenye ngazi ya mlango wa basi, mikono kichwani.

"Mama umenimaliza. Hiyo ni mali ya serikali. Mtu anafungwa. Wiki mbili, mama! Wataniuliza kama nimewahi kuvunja sheria, nitasema nini? Kwamba mama yangu amesugua mguu?"

"Kwani askari wa hifadhi aliyewaongoza hakuwaambia msishike kitu?" nikauliza.

"Alituambia kwa Kizungu. Mimi nilitakiwa nimtafsirie mama. Nilikuwa napiga picha za grupu la kanisa."

Mama Akinyi akavaa kiatu taratibu. "Nani mwenyewe hicho kitu? Si huyu dereva alisema hakuna mwenyewe? Alisema kwa ile spika. Mara tatu. Jisikieni nyumbani, alisema. Mimi nyumbani nikiona kigae naokota."

Abiria arobaini wakageuza vichwa, wote kwangu.

Halafu ushauri ukaanza, na ushauri wa basi mnaujua. Mzee mmoja wa DeSoto alisema tukitupe dirishani tukishavuka lango. Muuguzi mmoja akasema, hapana, tukitume kwa posta bila jina. Mwingine akasema tukiombee kwanza. Fundi mmoja wa kompyuta alitaka tukirudishe pale pale kwenye maegesho, tukiweke kwenye maua, waje wajiokotee. Na wengi wakasema kwa sauti moja: "Dereva, washa gari twende!" Nilikuwa nimeshakaa. Ufunguo ulikuwa umeshaingia. Ningewasha, jambo lingeondoka na vumbi, na pengine Akinyi angeapa na gauni lake bila mtu kujua, isipokuwa yeye mwenyewe, amesimama pale ameinua mkono akijua.

Sijui kama ni Papa Kalonji au ni uzee. Nilichomoa ufunguo nikautia mfukoni.

"Siwashi," nikasema.

Walilia, kama alivyoniambia watalia.

Tulikwenda watatu ofisini kwa askari wa hifadhi: mimi, Akinyi na mama yake, kigae kimefungwa kwenye leso kama mtoto mchanga. Askari tuliyemkuta alikuwa mtu mzima, nywele ndefu amezifunga nyuma, uso mtulivu kupita kiasi. Akinyi alieleza. Alieleza kila kitu, hata picha za kanisa, hata kiapo, hata kisigino, hata kwamba tuliambiwa hakuna mwenyewe. Askari akaomba vitambulisho vyetu, akaviweka mezani vitatu kwa mstari, akafungua kitabu chake. Niliwahi kusimamishwa na polisi wa barabarani zaidi ya mara elfu moja, au tuseme sita, lakini sijawahi kuona mtu anayenyamaza kwa ustadi kama yule.

"Nani aliwaambia hakuna mwenyewe?" akauliza hatimaye.

Akinyi alinitazama, kisha akatazama sakafu. Asingenitaja, mtoto mwenye adabu yule.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisema kwenye maiki. Nasema kila safari."

"Mimi ndiye mwenyewe," yule askari alisema, bila kupandisha sauti. "Watu waliotoka hapa walikwenda kusini. Tuko. Bibi yangu alikuwa anafinyanga vyungu, na bibi yake."

Ardhi ingepasuka ningeingia na rungu langu. Miaka kumi na tisa! Mwalimu wangu angemaliza walau sura ya tatu!

Akinyi akamtafsiria mama yake. Mama Akinyi akainuka kwenye kiti, akaenda hadi kwenye meza, akafungua leso. Hakuomba radhi kwanza, alifanya kazi. Aliweka kidole gumba chake kwenye tuta moja la kigae, kisha la pili, kisha la tatu, na sasa hata mimi niliona: kila tuta lilikuwa na alama ya dole gumba la mtu.

"Huyu alikuwa mwanamke wa mikono midogo," alisema. "Amezungusha kamba ya udongo, amebana, amebana. Hapa alikuwa na haraka, ona, ameruka. Labda mtoto alilia. Matuta hakuyalainisha, ni makusudi, ili nyungu isiteleze mkono ukiwa na maji. Mwambie bibi yake alijua kazi." Hapo ndipo akasema, akimtazama askari moja kwa moja, "Na mwambie pole. Nilidhani hakuna mwenyewe."

Askari alisikiliza tafsiri yote. Akaweka kalamu chini. Akauliza kilitoka wapi hasa, maana kitu kama hicho, alisema, kikishapoteza mahali pake hakisemi tena chochote. Mama akaeleza: chumba cha mwisho, mlango mdogo, jiwe la kusagia, hatua mbili kushoto, karibu na ukuta wenye masizi. Akajaribu kwenda kuonyesha, lakini magoti yalikuwa yamekwisha kuvimba, akarudi kukaa.

"Nitaenda mimi," Akinyi alisema.

"Wewe hukuona, ulikuwa na simu," mama yake akamkata. Akanyoosha kidole, kile kile gumba, kunielekea mimi. "Huyu aende. Yeye ndiye alisema hakuna mwenyewe. Aende akaone."

Akinyi akamtafsiria askari, na nawaapia alitafsiri kwa raha. Askari akanigeukia.

"Basi lako nalijua," akasema. "Miaka mingi naliona pale chini. Wewe sijawahi kukuona juu."

Nikaanza kusema habari za bima. Mama Akinyi akaguna tu, na bima ikafia kinywani.

Ngazi ile nitawaeleza nini? Ina vipago elfu moja. Askari alipanda mbele yangu na kigae mfukoni, akisema, "Tazama mikono yako tu." Niliitazama mikono yangu nikaona ni ya mtu mwingine. Nilisoma sura zote fupi za Kurani nizijuazo, nikazirudia, nikaahidi Mungu mambo ambayo sasa namkwepa. Katikati ya ngazi nikaganda, nikamwambia askari aniache, niishi hapo hapo, aniletee chakula. Akasema kwa utulivu wake wa kutisha, "Bibi yule ana miaka mingapi?" Nikapanda.

Juu kulikuwa na ubaridi wa kivuli na harufu ya vumbi. Nilitarajia magofu. Niliona nyumba. Dari ya jabali ilikuwa nyeusi kwa moshi wa jikoni, kama jikoni ya mama yangu, na jiwe la kusagia lilikuwa na shimo lililolika katikati kwa kusagwa kila siku na mtu aliyechoka. Hakukuwa na bibi harusi mkaidi wala madebe. Nilihesabu hatua mbili kushoto. Mahali pa kigae palikuwa pameacha umbo lake kwenye vumbi, dogo, wazi kabisa. Askari akanipa. "Rudisha wewe," alisema.

Kabla sijakiweka nilijaribu dole gumba langu kwenye alama. Halikuingia. Kubwa mno, nene, dole la kushika usukani. Nikakilaza mahali pake, matuta juu, kama kilivyokuwa.

Kushuka sitaki kuzungumzia.

Mama Akinyi alikuwa ananisubiri mlangoni pa ofisi.

"Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona, mama."

"Haya. Sasa ongea kwa spika."

Yule askari alituandikia mstari mmoja kwenye kitabu chake, kwamba kitu kimeokotwa na kimerudishwa siku hiyo hiyo na walioleta wenyewe, akatusomea, akaturudishia vitambulisho. Alimwambia Akinyi kwamba akiulizwa siku ya kiapo aseme ukweli kama alivyousema hapo. Akinyi alilia njia nzima hadi Cortez, halafu akalala mdomo wazi. Wiki mbili baadaye alinitumia picha: gauni la buluu, bendera ndogo mkononi, na mama yake pembeni amevaa viatu vilivyofungwa kila upande, visigino havionekani. Aliulizwa, akasema ukweli wote, na afisa wa uhamiaji, aliniandikia, aliomba dakika moja akatoka nje acheke.

Tangu siku hiyo nimepanda kila safari, nikitetemeka kila safari, na kwenye maiki nasema: wenyewe wapo, walikwenda kusini, mkifika salimuni. Bibi harusi bado namtaja kidogo. Mtu hawezi kuacha vyote.

Vijana wangu, mtarithi maiki ile. Mtu wa kiti cha nyuma anaamini mnachosema, hasa yule asiyejua Kiingereza, maana hana mwingine wa kumuuliza. Na pigeni matairi yote kumi.

Wiki niliyostaafu Akinyi alipita Garland kuniletea mzigo kutoka kwa mama yake, umefungwa kwa leso ninayoifahamu. Ndani kulikuwa na kigae kipya, chekundu, kingo zake zimesuguliwa zisikate, na matuta yenye alama za dole gumba, moja baada ya jingine. Alifinyanga nyungu nzima, Akinyi alinieleza, akaichoma, akaivunja, akachagua kipande. Salamu zake zilikuwa fupi: "Mwambie dereva hiki asugulie. Mwenyewe ni mimi, na nimemruhusu."

Mke wangu anasema nina visigino laini kuliko mtu yeyote Texas. Mimi nasema Marekani nzima.